Darasa limefungwa, uwanja u wazi

*Korona ilipoingia vyuoni Marekani mwaka 2020, wanariadha waliambiwa kuwa wao ni wanafunzi kama wenzao. Ratiba za mechi zilisema vingine. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Kenya, ambao ada, chakula, kitanda na viza yao vyote vilitegemea miguu.*

Na Mwandishi Wetu

Alhamisi ya Machi 12, 2020, mji wa Albuquerque katika jimbo la New Mexico ulikuwa umejaa wakimbiaji. Kesho yake yangeanza mashindano ya taifa ya vyuo vikuu ya riadha ya ndani ya ukumbi. Mji huo uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo timu zilikuwa zimewasili mapema. Njia ya mita 200 ilikwishatandikwa katika ukumbi wa mikutano, na wapo waliokuwa juu yake wakizoea kona.

Mchana habari zikaingia kwenye simu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilikuwa kimefuta mashindano yote ya taifa yaliyosalia ya majira ya baridi na ya machipuko: riadha, kikapu, kuogelea, besiboli, yote. Hayakuahirishwa. Yalifutwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekuwa pale alirudi chuoni na spaiki zake kwenye begi. Msimu wake wa mwisho ukumbini haukuwa na mbio ya mwisho.

Siku moja kabla, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limetangaza kwamba korona ni janga la dunia, na usiku uleule ligi ya NBA ikasimama baada ya mchezaji Rudy Gobert kukutwa na virusi. Hakuna mtu wa haki atakayewalaumu viongozi wa michezo kwa uamuzi wa wiki ile. Lawama, kama ipo, inaanzia miezi iliyofuata.

Njia iliyofunguliwa na Rono na Nyambui

Msomaji wa Eldoret au Arusha anaweza kuuliza: mambo ya vyuo vya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu tangu miaka ya 1970.

Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia chuo cha El Paso, Texas, akakusanya mataji ya vyuo, na mwaka 1980 akaleta nyumbani medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Paul Ereng alikuwa mwanafunzi Virginia alipotwaa dhahabu ya mita 800 kule Seoul mwaka 1988. Baadaye wakaja Sally Kipyego wa Texas Tech, Lawi Lalang wa Arizona na Edward Cheserek wa Oregon, aliyeondoka chuoni na mataji 17 ya taifa.

Nyuma ya majina hayo wako mamia ambao hakuna gazeti lililowaandika. Kijana anamaliza kidato cha nne au cha sita, anakimbia vizuri, kocha wa ng'ambo anamwona au anatumiwa muda wake, barua ya ufadhili inakuja. Kwa familia yenye ekari mbili za mahindi, barua hiyo ni ada ya miaka minne ambayo isingepatikana kwa njia nyingine.

Ila ufadhili wa riadha si mnono kama unavyodhaniwa huku kwetu. Wakati ule, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kugawa ufadhili kamili 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume ya riadha na mbio za nyika, na 18 kwa wanawake. Makocha waliukata vipande: huyu nusu, yule robo. Mara nyingi ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Mkimbiaji aliyeshuka kiwango alikuwa na sababu ya kukosa usingizi inapofika Mei.

> *Ufadhili kamili 12.6 kwa timu nzima ya wanaume. Huyu nusu, yule robo.*

Hakuna kwenda, hakuna kurudi

Machi hiyo vyuo vilifunga mabweni na kuwataka wanafunzi warudi makwao. Mmarekani aliitiwa gari na wazazi. Mkenya je? Machi 25 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na anga haikufunguliwa tena hadi Agosti 1. Vyuo vingi viliwaachia vyumba wale wasio na pa kwenda, wakabaki kwenye majengo matupu, kantini imefungwa nusu, uwanja una kufuli, wakikimbia barabarani peke yao.

Upande wa pili wa bahari hali ilikuwa ngumu vilevile. Kambi za Iten zilifungwa na wanariadha wakakatazwa kufanya mazoezi kwa makundi. Ni vigumu kumweleza mtu asiyewahi kufika Iten uzito wa katazo hilo. Mkimbiaji wa kule hukua ndani ya kundi: kundi ndilo linalomwamsha saa kumi na moja alfajiri na kumvuta anapochoka, na mtu wa nyuma hujua kiwango chake kwa kumtazama wa mbele. Alipoachwa peke yake barabarani hakuwa na wa kumfuata wala mbio ya kujiandalia.

Waliokuwa na barua za ufadhili mkononi nao walikwama. Machi 20 Marekani ilisimamisha huduma za kawaida za viza katika balozi zake zote. Makocha nao hawakuweza kuja kutafuta vipaji. NCAA ilipiga marufuku kukutana ana kwa ana na wanafunzi watarajiwa, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwisho wa Mei 2021. Mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 20, yaliyokuwa yafanyike Nairobi Julai 2020, ambayo ni dirisha kubwa la kuonekana, yalisogezwa hadi Agosti 2021. Michezo ya vyuo vikuu vya dunia ya Chengdu, iliyopangwa 2021, ilifanyika 2023. Mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa kwanza alipoanza kuisubiri alikuwa amekwishahitimu.

Kisha ikaja Julai 6, 2020. Mamlaka ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote ya muhula ujao yatakuwa kwa njia ya mtandao lazima aondoke nchini, au ahamie chuo chenye madarasa ya ana kwa ana. Harvard na MIT wakaenda mahakamani siku mbili baadaye. Julai 14 serikali ikaondoa agizo hilo.

Siku nane tu, lakini NCAA huhesabu zaidi ya wanamichezo 20,000 kutoka nje ya Marekani, na kila mmoja wao aliyekuwa nchini humo alijiuliza atakwenda wapi. Mkenya mwenye viza ya masomo aliambiwa aondoke wakati nchi yake yenyewe imefunga anga.

Hata baada ya hapo, wanafunzi wapya waliokuwa bado nje hawakuruhusiwa kuingia ikiwa masomo yao yote yangekuwa ya mtandao.

Vyumba vitupu, uwanja umewaka taa

Sasa tufike kwenye kiini cha mgogoro.

Agosti 2020 Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilifungua madarasa. Wiki moja tu baadaye, Agosti 17, maambukizi yalikuwa yamesambaa mabwenini kiasi kwamba masomo yote ya shahada ya kwanza yalihamishiwa mtandaoni. Timu ya futiboli ya Kimarekani haikwenda mtandaoni. Septemba 12 iliingia uwanjani kucheza na Syracuse.

Yaani mahali pasipo salama kukaa kwenye kiti, ukiwa umevaa barakoa, kusikiliza somo la historia, vijana walikumbana vifua, jasho kwa jasho, kwa saa tatu. Miezi ilipopita ilithibitika kwamba vyuo vilivyofanya hivyo ni vingi.

Wachezaji wenyewe hawakuwa na kauli moja, na hilo lisifichwe. Agosti 2 kundi la wachezaji wa kanda ya Pac-12, upande wa magharibi, walitoa barua wakidai viwango vya afya vitakavyosimamiwa na watu huru, ulinzi kwa atakayekataa kucheza, na mgawo wa mapato. Walitishia kugoma. Wiki moja baadaye nyota wengine, wakiongozwa na Trevor Lawrence wa Clemson, walisema wazi kwamba wanataka kucheza. Justin Fields wa Ohio State alianzisha ombi la kuirejesha ligi yake, Big Ten, iliyokuwa imesimamishwa, na sahihi zaidi ya 300,000 zikakusanywa.

Hoja ya Lawrence ilikuwa na uzito. Alisema wachezaji wengi wakirudishwa makwao watakuwa katika hatari kubwa kuliko chuoni. Chuoni kuna daktari, kipimo na chakula. Nyumbani kwa baadhi yao hakuna hata kimoja. Mkimbiaji wa Kiafrika aliyebaki bwenini peke yake angekubali hoja hiyo kabla haijamalizwa.

Viongozi wa Big Ten walikuwa wamesimamisha msimu Agosti 11. Pac-12 ikafuata siku ileile. Wazazi wakaandamana, wachezaji wa Nebraska wakafungua kesi, Rais Donald Trump akampigia simu kamishna Kevin Warren. Septemba 16 Big Ten ikageuka: mechi zingeanza Oktoba, kila mchezaji akipimwa kila siku.

Kipimo cha kila siku, katika nchi ambayo wakati huo mwalimu wa shule ya msingi aliweza kungoja majibu kwa siku kadhaa.

> *Somo la historia lilihamishiwa mtandaoni. Mechi haikuhamishika.*

Kabla ya hapo, vyuo kadhaa vilikuwa vimewapa wanamichezo karatasi za kusaini, za kukubali hatari au hata kuachia haki ya kudai fidia. Agosti 5 NCAA ilikataza vyuo kudai mchezaji aachie haki zake za kisheria, na ikaagiza kwamba atakayeamua kukaa pembeni kwa hofu ya ugonjwa asinyang'anywe ufadhili wake.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa. Pia ulilinda mwaka mmoja tu. Kocha hahitaji kuvunja sheria yoyote ili mwaka unaofuata robo ya ufadhili iende kwa mwingine. Kwa mwanafunzi wa hapo mjini, kupoteza ufadhili ni kutafuta mkopo. Kwa wa kutoka Kapsabet, kushindwa kulipa ada ni kutoka darasani, na kutoka darasani ni kupoteza viza. Hiari ya aina hiyo ipo kwenye karatasi tu.

Moyo chini ya mashine

Kulikuwa na jambo moja lililowatisha madaktari kuliko kikohozi. Virusi vingine, hata vya mafua, vinaweza kusababisha misuli ya moyo ivimbe. Mtu akipumzika, mara nyingi hupona. Akifanya mazoezi makali moyo ukiwa bado umevimba, mapigo yanaweza kuvurugika, hata kusimama. Ndiyo maana mwanamichezo mwenye tatizo hilo huambiwa apumzike miezi mitatu hadi sita.

Septemba 2020 watafiti wa Ohio State walichapisha matokeo ya wanamichezo 26 wa chuo chao waliopata korona bila kuugua sana. Picha za mashine zilionyesha dalili za uvimbe wa moyo kwa wanne. Idadi ilikuwa ndogo na wataalamu wakabishana, lakini hofu ilienea.

Mei mwaka uliofuata zilikuja takwimu pana za Big Ten: kati ya wanamichezo 1,597 waliopona na kupigwa picha za moyo, 37 walikutwa na tatizo, sawa na asilimia 2.3. Wengi wa hao 37 hawakuwa wamehisi dalili zozote za moyo.

Namba hiyo ilitumiwa na pande zote mbili. Waliotaka michezo walisema ni ndogo kuliko ilivyohofiwa, na ni kweli. Waliotaka tahadhari walisema 37 ni wengi, na wengi wao wasingejulikana bila mashine, na hilo pia ni kweli. Lakini ni chuo gani chenye mashine hiyo? Vyuo vikubwa vyenye futiboli ya mamilioni vilikuwa nayo hospitalini kwao. Wanamichezo karibu nusu milioni wa NCAA wametawanyika katika vyuo zaidi ya 1,000, na vidogo vingi kati yake havikuweza kumpiga picha ya moyo kila aliyepona. Na Wakenya wako pia kwenye vyuo vidogo.

Kisu kilikotua

Fedha zilipopungua, zilipungua kwa kishindo. NCAA ilikuwa igawe dola milioni 600 kwa vyuo vya daraja la kwanza mwaka ule. Kwa kukosa mashindano ya kikapu ya Machi ikagawa milioni 225.

Vyuo havikugusa futiboli, inayoleta pesa. Vilikata michezo isiyouza tiketi. Brown ilifuta riadha ya wanaume Mei 2020, wahitimu na wanafunzi wakapiga kelele kwamba huo ndio mchezo wenye weusi wengi, na mwezi uliofuata ikairudisha. Akron ilifuta nyika ya wanaume. Stanford, chuo tajiri kupindukia, ilitangaza Julai kufuta michezo 11, na ikabadili nia Mei 2021 baada ya kesi na shinikizo. Clemson, iliyokuwa inaweka futiboli yake hewani kila Jumamosi, ilitangaza Novemba kufuta riadha na nyika ya wanaume, kisha ikarudi nyuma Aprili.

Kurudi nyuma huko kulitokana na makelele ya wahitimu na mawakili. Mwanafunzi wa kigeni hana wahitimu wa kumpigania. Ana simu ya kocha tu, na kocha mwenyewe anaweza kuwa amepoteza kazi.

Jumatatu ya Stillwater

Nyika ya taifa, ambayo hukimbiwa Novemba, iliahirishwa hadi Machi 15, 2021, huko Stillwater, Oklahoma. Waliopanga kalenda walijua kwamba mashindano ya ukumbini yangemalizika Jumamosi, Machi 13, huko Fayetteville, Arkansas. Kwa hiyo mkimbiaji wa masafa marefu aliombwa achague, au akimbie vyote viwili ndani ya siku nne.

Wesley Kiptoo, Mkenya wa Iowa State, alikimbia vyote viwili. Ijumaa alitwaa taji la mita 5,000 ukumbini. Jumatatu alikuwa mstari wa kuanzia wa kilomita 10 kwenye vilima vya Stillwater, akaondoka mapema na kuwaacha wenzake, mpaka miguu ilipodai deni lake na Conner Mantz wa BYU akampita kwenda kutwaa ubingwa.

Kwa wanawake, mbio za kilomita 6 zilimpata bingwa kutoka Kenya: Mercy Chelangat wa Alabama, mwanamke wa kwanza wa chuo hicho kutwaa taji hilo. Huku nyumbani habari yake ilipita kimya, kwa kuwa magazeti yalikuwa yamejaa takwimu za vitanda vya oksijeni. Ilistahili zaidi ya hapo. Kushinda nyika ni kazi ngumu mwaka wowote. Yeye alishinda baada ya mwaka wa mazoezi yaliyokatika na miezi bila kujua kama kungekuwa na mbio yoyote.

Michezo mingine ilipata ngome. Mashindano ya kikapu ya wanaume ya 2021 yalichezwa yote Indiana, timu zikiwa zimefungiwa hotelini, na bado timu ya VCU ilitolewa kwa sababu ya vipimo bila kucheza hata dakika moja. Wanawake walifungiwa San Antonio, ambako mchezaji Sedona Prince wa Oregon aliionyesha dunia kwa video sehemu yao ya mazoezi yenye rafu moja ya vyuma, wakati wanaume walipewa ukumbi mzima. Juni, timu ya besiboli ya North Carolina State iliondolewa Omaha ikiwa imekaribia fainali.

Mwaka wa ziada, kwa nani?

NCAA ilijaribu kufidia. Machi 30, 2020 iliwapa wanamichezo wa machipuko mwaka mmoja wa ziada, na baadaye ikawaongezea wa misimu mingine. Ilionekana kama zawadi, na kwa wengi ilikuwa hivyo.

Lakini chuo hakikulazimishwa kumpa anayebaki ufadhili uleule, na kila aliyebaki alishika nafasi kwenye timu. Mwanafunzi wa mwaka wa tano alipobaki, kijana wa Iten aliyekuwa akingoja barua aliambiwa angoje tena. Kwa miaka kadhaa makocha walipendelea mkimbiaji wa miaka 23 au 24 aliyekwisha kuthibitika, wa kuhama kutoka chuo kingine, kuliko wa miaka 18 anayehitaji viza.

Julai 1, 2021 mlango mwingine ulifunguliwa: wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Barua ya Pac-12 ya mwaka uliotangulia haikuwa imepotea bure. Lakini viza ya masomo hairuhusu kazi ya namna hiyo ndani ya Marekani. Bingwa wa taifa kama Chelangat au Kiptoo angeweza kuwatazama wenzake waliomaliza nyuma yake wakisaini mikataba.

Kisha Juni 2025 mahakama iliidhinisha maridhiano kati ya NCAA na wanamichezo, yaliyoondoa ukomo wa ufadhili na badala yake kuweka ukomo wa idadi ya wachezaji: 17 kwa nyika, 45 kwa riadha, katika vyuo vilivyojiunga. Sasa ufadhili kamili unawezekana, ila viti ni vichache, na fedha za kuwalipa wachezaji wa futiboli na kikapu zinatoka kwenye mfuko uleule uliokuwa ukilisha mbio.

Kwa hiyo mzazi anayeletewa barua leo anayo haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi, na kocha anayekwepa maswali asiaminiwe. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka minne, na umeandikwa wapi? Mtoto akiugua au akiumia, bima inaishia siku anayotoka chuoni au inaendelea? Chuo kikifungwa ghafla, atalala wapi na atakula nini, na tiketi ya kurudi atalipa nani? Timu ikifutwa, je, atamalizia shahada yake kwa fedha za chuo? Majibu yaje kwa maandishi, yasomwe na mwalimu au wakili, na nakala moja ibaki nyumbani.